Umelipia Mbps 20, faili linashuka kwa 2: namna ya kutafuta panapobana

Malalamiko ya wifi za majumbani Dar es Salaam yanafanana kuanzia Mbezi Beach mpaka Mbagala. Mtu kalipia kifurushi cha maana, video zinakubali, WhatsApp haina shida, ila akitaka kushusha faili kubwa linajikokota mpaka anakata tamaa. Anapiga huduma kwa wateja, anashauriwa apandishe kifurushi, anapandisha, na hali inabaki ileile. Hela imekwenda bure kwa sababu tatizo halikuwa kwenye kifurushi.

Kati ya seva yenye faili na simu yako kuna vipande vitatu: wifi ya ndani ya nyumba, laini ya mtoa huduma, na njia ndefu kutoka Dar mpaka ilipo seva. Spidi utakayoiona ni ya kile kipande kinachobana kuliko vyote, hata kama vingine viwili ni vizuri namna gani. Kwa hiyo pima kimoja kimoja kabla hujatoa hata shilingi.

Hesabu kabla ya lawama

Mtoa huduma anauza kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps yenye b ndogo. Kompyuta na programu nyingi za kupakua zinaonyesha megabaiti kwa sekunde, MB/s yenye B kubwa. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, Mbps 20 ni MB 2.5, Mbps 50 ni MB 6.25. Kisha toa asilimia 5 hadi 10 inayoliwa na anwani na uthibitisho unaosafiri pamoja na kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data. Kwenye kifurushi cha Mbps 20 ukiona faili linashuka kwa MB 2.2 au 2.3 kwa sekunde, umepewa chako chote. Faili la GB 1 litakula kama dakika 7. Gemu la GB 40 ni karibu saa 5, na hapo hakuna wa kulaumiwa.

Soma pia masharti ya kifurushi. Vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kiwango cha matumizi, na ukikivuka spidi inashushwa mpaka mwezi mpya uanze. Dalili zake ni rahisi kuzitofautisha na msongamano. Msongamano hupanda na kushuka: saa 11 alfajiri mambo safi, saa 3 usiku taabu. Spidi iliyoshushwa na mtoa huduma hukaa palepale usiku na mchana, kwa mfano Mbps 2 isiyotikisika, na huanza ghafla siku moja katikati ya mwezi.

Kupima

Unahitaji laptopu na waya wa mtandao. Chomeka waya kwenye tundu la LAN la rauta, zima wifi ya laptopu, na waombe wenzako wazime wifi kwenye simu zao kwa dakika chache. Laptopu isiyo na tundu inahitaji adapta ya USB. Nunua iliyoandikwa gigabiti, maana za bei rahisi zinaishia Mbps 100, na kiuhalisia utaona kama 94 hata laini ikiwa na 200.

Fungua Speedtest. Programu itakuchagulia seva yenyewe, lakini wewe ichague kwa mkono: kwanza seva iliyoko Dar es Salaam, halafu moja ya Afrika Kusini, halafu moja ya Ulaya. Maliza na fast.com, ambayo inapima kwa kushusha data kutoka seva za Netflix. Andika namba zote. Rudia mara tatu kwa siku: alfajiri, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Baada ya hapo chomoa waya, washa wifi, pima ukiwa mita 2 kutoka kwenye rauta, na mwisho nenda kapime kwenye chumba kinacholalamikiwa.

Namba hizo zinasomwa hivi. Waya ukitoa spidi kamili na wifi ikatoa robo yake, tatizo liko ndani ya nyumba. Vyote viwili vikiwa chini kwa kiwango kinachokaribiana, tazama laini au kifurushi. Seva ya Dar ikiwa nzuri na ya Ulaya mbovu, shida iko njiani. Na kila kipimo kikiwa kizuri lakini faili moja tu ndilo linalosuasua, ni seva ya hilo faili au kifaa unachohifadhia.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakitumii ilhali hakihitaji hata bando. Kwenye Windows fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, uandike:

ping -n 50 192.168.1.1

Amri hiyo inatuma pakiti ndogo 50 kwa rauta na kupima muda wa jibu. Namba za mwisho ni anwani ya rauta. Yako inaweza kuwa 192.168.0.1, 192.168.8.1 au 192.168.100.1, iko kwenye stika chini ya rauta. Wifi yenye afya inajibu kwa milisekunde 1 hadi 5, na mara mojamoja inaruka kidogo. Ukiona 4, 3, 187, 5, 240, kisha mstari wa “Request timed out”, elewa kwamba hizo pakiti hazijatoka hata nje ya mlango wako. Hakuna kifurushi kitakachotibu hilo.

Amri ya pili ni netsh wlan show interfaces. Tazama mistari mitatu: Radio type, Channel na Receive rate. Namba ya Receive rate ni spidi ambayo laptopu na rauta wamekubaliana hewani, si spidi ya kupakua. Wifi haitumi na kupokea kwa wakati mmoja, na muda mwingine unakwenda kwenye kusubiriana, kwa hiyo tegemea nusu yake au zaidi kidogo. Ikiandikwa 72, utapata kama 35 hadi 45. Ikiandikwa 54, ni 20 hadi 25. Kwenye simu ya Android gusa jina la wifi uliyounganishwa, kasi hiyo utaiona kwenye maelezo yake.

Ndani ya nyumba

Hapa ndipo matatizo mengi yanapokaa, na chanzo cha kwanza ni mahali ilipowekwa rauta. Fundi wa faiba huiacha pale waya unapoingilia ndani: kona ya sebule, nyuma ya televisheni, mara nyingine ndani ya kabati pamoja na king'amuzi. Kwake kazi imekwisha, taa zinawaka. Kwako wewe nusu ya mawimbi yanakwenda barabarani.

Nyumba zetu ni za matofali ya saruji, zenye lenta na slabu za nondo. Mawimbi ya GHz 5 hupoteza nguvu nyingi kwa kila ukuta wa aina hiyo, na baada ya kuta mbili hakibaki kitu cha kutegemea. GHz 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini ni polepole. Zaidi ya kuta kuna vitu vinavyosahaulika: mlango wa chuma, grili, wavu wa mbu wa alumini dirishani, kabati la nguo lenye kioo kirefu, friji. Simtanki lililojaa maji nalo ni ukuta, kwa sababu maji hunyonya mawimbi. Mabati yanayarudisha yalikotoka, ndiyo maana chumba cha uani kilichozungushiwa mabati hakishiki wifi hata kikiwa hatua 10 kutoka sebuleni.

Itoe rauta kabatini. Iweke katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, mbali na maikrowevu, na isiegemee televisheni. Joto la Dar la Januari na Februari ndani ya kabati lililofungwa linatosha kuifanya rauta ipunguze kazi au ijizime na kujiwasha. Antena iliyosimama wima inatandaza mawimbi ubavuni, usawa wa sakafu hiyohiyo. Kama unaishi nyumba ya ghorofa na vyumba viko juu, acha antena moja wima na ya pili ilaze.

Masafa na chaneli

Ingia kwenye ukurasa wa rauta kwa anwani uliyoipata kwenye stika, nenda sehemu ya WLAN. Rauta nyingi zina masafa yote mawili kwa jina moja, halafu simu inajichagulia, na mara nyingi inang'ang'ania 2.4 hata ukiwa umekaa mbele ya rauta. Yatenganishe majina. Laptopu, televisheni na simu za sebuleni ziunge kwenye GHz 5. Kamera, spika na vitu vya mbali vibaki kwenye 2.4.

Kwenye GHz 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kwenye maghorofa ya Kariakoo au nyumba zilizobanana za Sinza na Manzese, ukifungua orodha ya wifi majina yanajaza skrini, na yote yanagombania hizo tatu. Shusha WiFi Analyzer kwenye Android, tazama ipi ina majirani wachache au wenye mawimbi dhaifu, chagua hiyo. Usijifanye mjanja ukaenda 3 au 9 kwa kuwa inaonekana tupu. Rauta zilizo kwenye chaneli moja zinasikiana na kupokezana zamu; rauta iliyo chaneli ya 3 inasikia wa 1 na wa 6 kama kelele tu, nayo inawapigia kelele. Bora kushirikiana chaneli ya 6 na jirani kuliko kukaa ya 4.

Upana wa chaneli kwenye 2.4 uweke MHz 20. Kuna wanaoweka 40 wakidhani wameongeza spidi mara mbili, kumbe wamejitwisha kelele za mtaa mzima. Kwenye GHz 5 weka 80, au 40 kama majirani ni wengi. Chaneli 36 hadi 48 hazina masharti. Kuanzia 52 hadi 144 ni masafa yanayotumiwa pia na rada, na rauta inalazimika kusikiliza kwa dakika nzima kabla ya kuanza, kisha kuhama ikisikia rada. Ukiona wifi ya GHz 5 inapotea ghafla na kurudi baada ya dakika moja, sababu inaweza kuwa hiyo.

Sasa mpangilio mmoja mdogo unaoua spidi kimyakimya. Kwenye usalama, palipoandikwa WPA au TKIP, badilisha iwe WPA2 yenye AES peke yake, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Kiwango cha 802.11n na vilivyofuata haviruhusu spidi zake kubwa zikitumika na TKIP au WEP, kwa hiyo kifaa kinarudi kwenye Mbps 54 ya zamani. Rauta mpya kabisa inafanya kazi kama ya mwaka 2005, na taa zote ni za kijani.

Kifaa kimoja kizembe nacho kinawaumiza wote. Simu ya zamani iliyoko chumba cha mwisho inaongea na rauta kwa Mbps 6, na wakati inapokea kipande chake hewa yote imeshikwa, wengine wanasubiri, kama daladala inayoshusha abiria katikati ya barabara ya njia moja. Simu hiyo usiifukuze. Isogezee wifi, au iunganishe kwenye 2.4 ili GHz 5 ibaki huru.

Jambo jingine la karibu: hadi diski ya nje au flashi ya USB 3.0 iliyochomekwa ubavuni mwa laptopu inatoa kelele kwenye GHz 2.4. Ukiona spidi inashuka kila unapoichomeka, tumia waya wa USB mrefu kidogo uisogeze, au hamia GHz 5.

Ripita na waya

Ripita ndogo za kuchomeka ukutani zinauzwa sana, na sehemu kubwa ya wanunuzi wanaziweka vibaya. Ikiwekwa kwenye chumba kisicho na mtandao, inarudia hicho hicho kisichokuwepo. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo simu bado inapata angalau nusu ya spidi ya sebuleni. Hata hapo, ripita inayopokea na kutuma kwa masafa yaleyale itakukatia kama nusu, kwa sababu kila pakiti inapita hewani mara mbili.

Dawa ya kudumu ni waya. Pitisha Cat5e au Cat6 juu ya dari mpaka chumba cha mbali na ufunge pale rauta ya pili, hata ile ya zamani iliyolala kabatini. Hatua zake: ingia kwenye rauta ya pili, ipe anwani tofauti kama 192.168.1.2, zima DHCP (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), weka jina la wifi na nywila unavyotaka, chagua chaneli tofauti na ya kwanza, kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN, siyo la WAN, lile la kuingizia intaneti. Ukisahau kuzima DHCP, rauta mbili zitagawa anwani kila moja kwa utaratibu wake, na mtandao utakuwa unakuja na kupotea bila mpangilio. Urefu wa waya usizidi mita 100.

Ukienda Kariakoo kununua waya, angalia ndani yake. Kuna waya wa shaba tupu na kuna wa alumini iliyopakwa shaba, na kwa nje maandishi ni yaleyale. Omba kipande, chubua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Alumini inaanza kung'aa nyeupe. Wa alumini ni mwepesi mkononi, unakatika ukiukunja mara chache, na kwa umbali mrefu unapoteza pakiti. Nyumba zilizo karibu na bahari zina tatizo la ziada la kutu kwenye pini za viunganishi, kwa hiyo viunganishi vya nje vifungiwe kwenye kisanduku.

Mpangilio wa rangi unaotumika sana ni huu, kuanzia pini ya 1 ukishika kiunganishi klipu ikiwa chini: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia usipong'atwa sawasawa, waya utafanya kazi, lakini kwa Mbps 100. Fundi ataona taa inawaka aondoke. Wewe fungua hali ya muunganisho kwenye laptopu usome: iandike 1000/1000, isiwe 100/100. Kama rauta yenyewe ina matundu ya 100, hakuna waya utakaokuokoa. Mwenye kifurushi cha zaidi ya Mbps 100 abadilishe rauta.

Walioingia na wanaopandisha

Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye ukurasa wa rauta. Hesabu vya nyumbani, vilivyobaki ni vya mtaa. Siku hizi nywila inasambaa kwa picha ya QR, hivyo kijana mmoja akipewa, kijiwe kizima kimepata. Badilisha nywila, na wageni wafungulie wifi yao ya pembeni yenye kikomo cha spidi.

Kuliko majirani, hata hivyo, kupakua kunaumizwa zaidi na kupandisha, yaani kutuma data kutoka kwako kwenda nje. Kila unaposhusha faili, kompyuta yako inatuma uthibitisho mdogo kwenda kwa seva, na seva inasubiri uthibitisho huo kabla ya kuendelea. Kamera za ulinzi zinazorekodi kwenye wingu, simu tatu zinazohifadhi picha Google, video inayopanda YouTube: hivyo vikijaza njia ya kupanda, uthibitisho unakwama foleni na spidi ya kushuka inaporomoka. Jaribu hivi: anza kupandisha video kubwa, halafu endesha ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Majibu yakitoka milisekunde za kawaida hadi 500 au 1000, umeiona foleni kwa macho. Kwenye rauta yenye QoS, sehemu ya kupanga foleni ya data, weka kikomo cha kupandisha na kushusha kuwa asilimia 90 ya spidi uliyoipima kwa waya. Unapoteza kidogo, unapata utulivu. Rauta isiyo na kitu hicho, panga kamera na hifadhi za picha zifanye kazi usiku wa manane, na kwenye Windows weka wifi kuwa muunganisho wa kipimo (metered connection) ili masasisho yasijishushe yenyewe.

Laini ya mtoa huduma

Wenye rauta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, waingie kwenye ukurasa wake watafute RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, usafi wa mawimbi hayo dhidi ya kelele. Vile vijistari vya taa havitoshi. RSRP ya kuanzia -80 kwenda juu ni nzuri sana, -90 inafaa, -100 inajikongoja, chini ya -110 usitegemee kitu. SINR ikiwa juu ya 20 safi. Chini ya 5 ina maana minara inaingiliana hata kama mawimbi yana nguvu. Zunguka nayo nyumbani dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja kila mahali, andika namba zote mbili. Dirisha linalotazama mnara huwa linashinda, na ghorofa ya pili inashinda ya chini. Ukilazimika kuchagua, SINR nzuri yenye RSRP ya wastani ni bora kuliko kinyume chake. 5G ilianza nchini mwaka 2022 na masafa yake ya juu hayapendi kuta, kwa hiyo rauta ya 5G iliyofichwa ndani ya chumba itarudi 4G bila kukuambia. Antena ya nje inasaidia kwa wanaokaa mbali na mnara, mathalani pembezoni mwa Kigamboni au Goba, ila hakikisha aina ya tundu, SMA au TS9, chomeka nyaya zote mbili, na usivute waya mrefu, maana kila mita inakula mawimbi uliyoyatafuta.

Saa za jioni laini za simu hulemewa kwa sababu mnara mmoja unahudumia mtaa mzima. Hapo RSRP inabaki vilevile ila spidi inashuka. Huna la kufanya na rauta. Panga faili kubwa zishuke alfajiri, au uhamie faiba kama imefika kwenu.

Kwenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu hakuna mwanga unaofika. Hali ngumu zaidi ni ile ya katikati: taa zote kijani, mtandao unasuasua. Ukurasa wa kifaa huwa na nguvu ya mwanga unaopokelewa kwa dBm. Kati ya -8 na -25 ni salama. Ikikaribia -27 uko ukingoni, pakiti zinaanza kuharibika. Sababu za kawaida ni waya uliokunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati au kiunganishi chenye vumbi. Mkunjo usiwe mdogo kuliko duara la nusu kipenyo cha sentimita 3. Kiunganishi usikifute kwa shati, na ncha ya faiba usiichungulie. Mwachie fundi mwenye kalamu ya kusafishia.

Adapta ya umeme inasahaulika. Rauta nyingi zinataka volti 12 na ampea 1 hadi 2. Adapta iliyochoka baada ya umeme kukatika na kurudi mara nyingi inatoa volti pungufu, rauta inawaka kama kawaida, na inajizima pale watu wanapokuwa wengi. Mbadala uwe na volti ileile na ampea sawa au zaidi, na alama ya chanya ya kati ifanane.

Njiani mpaka ughaibuni

Data nyingi za Dar kwenda Ulaya na Asia zinapita kwenye nyaya za baharini, zikiwemo SEACOM iliyoanza mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo seva ya Dar itakuonyesha spidi kamili huku tovuti za nje zikigoma. Kuwasha na kuzima rauta hakusaidii.

Hata siku njema, umbali una gharama. Pakiti kutoka Dar kwenda Ulaya na kurudi inaweza kuchukua milisekunde 150 hadi 200. Seva ikituma kilobaiti 64 kisha ikasubiri uthibitisho kwa milisekunde 180, muunganisho huo mmoja hauvuki Mbps 3, hata laini yako iwe ya 100. Seva za kisasa zinatuma kwa mafungu makubwa zaidi, lakini zipo ambazo bado ziko hivyo. Tumia programu inayogawa faili kwenye miunganisho 4 hadi 8, kama Free Download Manager, au aria2c -x 4 ikifuatiwa na kiungo cha faili. Kama tovuti inatoa orodha ya vioo (mirrors), yaani seva nyingine zenye nakala ya faili hilohilo, jaribu cha Afrika Kusini kwanza. VPN nayo inarefusha njia: ukiwasha ya Marekani, faili lililokuwa linatoka Nairobi linazunguka Atlantiki. Izime unapopakua, na kumbuka TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iliagiza Oktoba 2023 watumiaji wa VPN wazisajili.

Mwisho tazama unakohifadhi. Kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi au flashi ya zamani inaweza kuandika MB chache tu kwa sekunde; utaona spidi inaanza vizuri, inasimama sifuri, inaruka tena. Shusha kwenye diski ya ndani kwanza, kisha hamisha.

Ukipeleka malalamiko

Baada ya kujiridhisha kwamba waya mtupu kwenye rauta hautoi ulicholipia, usiseme tu mtandao unasumbua. Andika namba ya akaunti, tarehe, saa, jina la seva ya Dar uliyopimia, spidi ya kushuka na kupanda, milisekunde za ping, na kwamba ulipima kwa waya. Omba namba ya tiketi. Ukizungushwa bila majibu, ndipo unapeleka malalamiko TCRA pamoja na tiketi hiyo, kwa kuwa utaratibu unataka uanze na mtoa huduma. Fundi akija, asiondoke kabla hajapima kwa waya mbele yako, na kama ni faiba mwombe akuonyeshe dBm kabla ya kugusa kitu na baada ya kumaliza.